Je, uonevu huisha mtoto akikua? Jibu kwa mama aliye Yiwu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mchina na tunaishi Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la nne katika shule ya serikali, amezaliwa hapahapa na Kichina anakiongea kama wenzake. Ni mtoto mpole, mkimya kama baba yake. Tangu darasa la pili kuna wavulana wanaomwita majina kwa sababu ya ngozi na nywele zake, wanamficha madaftari na kumsukuma wakati wa mapumziko. Mwaka huu kusukumwa kumepungua, ila sasa hakuna anayetaka kukaa naye wala kumchagua kwenye timu. Mwalimu wa darasa anasema ni utani wa watoto, wakifika sekondari ya chini, yaani darasa la saba, utaisha. Mama mkwe anasema hivyohivyo, na mume wangu anasema hata yeye alikuwa mtoto mkimya na hakuna aliyemgusa. Nikisoma habari za China mtandaoni silali. Je, ni kweli uonevu hupungua watoto wakikua? Nisubiri?

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa kukosa usingizi, na pole kwa kijana.

Naanza na swali lako la mwisho: usisubiri. Sababu inahitaji maelezo kidogo, kwa maana mwalimu, mkweo na mumeo hawakudanganyi. Wanachosema ni kweli kwa darasa kwa ujumla. Kwa mtoto mmoja aliyekwisha onewa tangu darasa la pili hadi la nne, hali ni nyingine.

Watafiti wengi duniani, wa China wakiwemo, hutumia maana ya uonevu aliyoiweka mwanasaikolojia Dan Olweus huko Norway. Uonevu ni kumuumiza mtu kwa makusudi, tena na tena, pale ambapo anayeumizwa hana nguvu ya kujitetea. Ugomvi wa mara moja kati ya watoto wanaolingana haumo. Utani ambao wote wawili wanacheka, nao haumo. Utani ambao anacheka upande mmoja tu, kila siku, kwa miaka miwili, umo. Kwa maelezo yako mwanao anaonewa, na neno "utani" lisikupotoshe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Profesa Zhang Wenxin wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Shandong, kilichopo Jinan, alilirekebisha dodoso la Olweus lifae kwa wanafunzi wa Kichina, akawahoji zaidi ya wanafunzi 9,000 wa msingi na sekondari ya chini, wa mjini na vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 na hadi leo hurejewa na kila anayeandika juu ya jambo hili. Katika shule za msingi, zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya watano alisema anaonewa. Katika sekondari ya chini idadi ilishuka hadi karibu mmoja kati ya wanane. Maneno ndiyo yaliyoongoza, yaani matusi, kejeli na majina ya kubandikwa. Kupigwa na kusukumwa kulifuata, na kutengwa kukawa nyuma. Ukiyatazama matokeo hayo harakaharaka utampa mwalimu haki yake, maana mstari unashuka.

Unashuka kwa sababu za kawaida tu. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili ana wakubwa wengi juu yake pale uwanjani, na kila mwaka wanapungua. Watoto wadogo pia huita uonevu karibu kila kinachowaumiza. Kunyang'anywa kifutio ni kuonewa, kukosa nafasi kwenye mchezo ni kuonewa. Wakikua wanatofautisha bahati mbaya, ugomvi na uonevu wenyewe, kwa hiyo wanaojaza dodoso kwa "ndiyo" wanapungua hata kama yaliyotendeka ni yaleyale. Mtafiti Peter Smith wa Uingereza aliyaeleza haya na wenzake mwaka 1999, walipojiuliza kwa nini mstari huo unashuka karibu kila nchi ulipopimwa. Kubwa zaidi ni kwamba watoto wengi hujifunza. Anayeonewa leo anajua kesho amjibu nani, amkwepe nani, acheze na nani. Wengi hutoka humo bila msaada wa mtu mzima.

Mstari huo ni wastani wa darasa zima, na wastani hauonyeshi ni nani aliyetoka na ni nani aliyebaki. Kuna njia nyingine ya kupima ambayo wenzetu wa China huitumia sana, na ningependa uione kwa karibu. Mtafiti anaingia darasani bila mwalimu wa darasa. Kila mtoto anapewa karatasi yenye orodha ya wanafunzi wote wa darasa lile, majina 40 na zaidi, na pembeni kuna maswali yenye visanduku. Nani husukumwa na kupigwa na wenzake? Nani husemwa vibaya nyuma yake? Nani huachwa nje wenzake wanapocheza? Watoto wanaweka alama kwenye majina, wameinama, wamekinga karatasi kwa mkono mwenzao wa dawati asione. Kisha mtafiti anahesabu alama ambazo kila jina limepata.

Katika madarasa ya chini alama hutawanyika. Huyu amepata tatu, yule mbili, yule nne. Ukirudi mwaka unaofuata, majina yenye alama nyingi yamebadilika. Watoto wale wanapokaribia darasa la tano na la sita, alama zinaanza kukusanyika kwa majina machache, na ukirudi mwaka unaofuata unakuta majina yaleyale. Darasa zima limekubaliana, bila kikao, nani ni wa kuonewa. Wakati uleule, ukiwauliza watoto wenyewe kama wanaonewa, asilimia inashuka. Mambo yote mawili yanatokea kwa pamoja. Wanaoonewa wanazidi kuwa wachache, na hao wachache wanazidi kuwa walewale.

Kwa nini kibandiko kinakaa? Sehemu ya jibu iko katika mpangilio wa shule ya Kichina wenyewe, ambao wewe unauona kila siku kiasi kwamba pengine umeacha kuushangaa. Darasa ni wanafunzi 40 hadi 50 waliowekwa pamoja siku ya kwanza, na mara nyingi wanakaa pamoja miaka yote sita ya msingi. Chumba ni kimoja, walimu wa masomo ndio wanaopishana. Mwalimu wa darasa ndiye mlezi, hakimu na msemaji wa watoto hao mbele ya wazazi. Viranja wanateuliwa au kupigiwa kura, na kiranja wa darasa la nne ana nguvu halisi: anaandika majina ya wapiga kelele, anakusanya kazi za nyumbani, anatoa taarifa kwa mwalimu. Mwenzako wa dawati ndiye unayeishi naye. Mpangilio huu una uzuri mwingi. Watoto wengi wa Kichina hutoka msingi wakiwa na marafiki wa kufa na kuzikana, na mwalimu makini anaweza kuzima jambo kwa siku moja. Ila kwa mtoto aliyebandikwa jina baya darasa la pili, hakuna pa kuhamia. Hakuna chumba cha pili ambako hajulikani.

Sehemu nyingine ya jibu imo ndani ya mtoto. Anayeonewa huanza kujitoa. Haombi kucheza, hanyooshi mkono, anabaki darasani wakati wa mapumziko akijifanya anamalizia kazi. Kujitoa kule kunamfanya awe rahisi zaidi kuonewa, kwa sababu hana mtu ubavuni. Tafiti zilizofuata watoto walewale mwaka hadi mwaka zinaonyesha mzunguko huu waziwazi. Kuonewa huleta huzuni, na huzuni huongeza uwezekano wa kuonewa tena. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada waligundua kitu ambacho nimekitegemea sana tangu hapo. Rafiki mmoja wa kweli darasani anaweza kuukata mzunguko huo. Mmoja anatosha.

Ulichoandika juu ya mwaka huu ndicho kilichonifanya nilijibu swali lako mapema. Umesema kusukumwa kumepungua, ila hakuna anayetaka kukaa naye. Umeliweka kama jambo lenye nafuu kidogo. Kwa macho yangu hakuna nafuu hapo. Katika umri wa miaka tisa hadi 12 uonevu hubadilisha sura. Mikono inapungua kwa sababu watoto wameshajua kwamba mikono huonekana na mwalimu huadhibu. Yanabaki maneno, na kunaongezeka kususwa: hakuna anayempa pasi, kiti cha jirani kinasogezwa, kazi ya kikundi inagawanywa na yeye anaachiwa kipande kisicho na maana. Haya hayaachi alama mwilini, na mwalimu mwenye watoto 45 hayaoni. Ndiyo maana anakuambia kwa moyo safi kwamba hali imetulia.

Kuna utafiti unaotakiwa kujulikana na kila mwalimu wa aina hiyo. Christina Salmivalli wa Finland na Claire Garandeau walionyesha kwamba darasa linapotulia na wanaoonewa wakabaki mmoja au wawili, hao waliobaki huumia zaidi kuliko wanaoonewa katika darasa lenye fujo. Jambo hilo limethibitika pia katika madarasa ya China, kwenye data za timu ileile ya Shandong. Panapoonewa wengi, mtoto anasema shule hii ni mbaya. Akionewa peke yake, anasema mbaya ni mimi. Kwa hiyo taarifa ya mwalimu kwamba "darasa letu halina shida, ni mwanao tu" inapaswa kuwaongezea wasiwasi nyote wawili.

Mumeo anasema alikuwa mkimya na hakuna aliyemgusa. Namuamini kabisa, na kuna ushahidi mzuri wa kumuunga mkono. Xinyin Chen na wenzake waliwapima watoto wa shule za msingi za Shanghai katika vipindi vitatu, mwaka 1990, mwaka 1998 na mwaka 2002, kwa vipimo vilevile. Mwaka 1990 mtoto mwenye haya na ukimya alipendwa na wenzake, alichaguliwa kuwa kiongozi, alifanya vizuri darasani. Ukimya ulihesabiwa kuwa adabu. Mwaka 1998 matokeo yalichanganyika. Mwaka 2002 mtoto wa tabia ileile alikataliwa na wenzake, alikuwa na matatizo shuleni na dalili za sonona. Ndani ya miaka 12 tu! Soko lilikuwa limefunguka, wazazi walitaka mtoto anayejieleza na kushindana, shule zikafuata, na watoto wakabadilisha wanachokiheshimu kwa mwenzao. Kama mumeo alisoma msingi mapema miaka ya 1990, upole wake ulikuwa ngao. Kwa mwanao, aliyezaliwa katika mji wa biashara kama Yiwu, upole uleule haumkingi, na ukijumlisha na sura inayomtofautisha darasani, unamwacha wazi. Mwonyeshe mumeo aya hii. Si kwa ajili ya kumshinda kwenye mabishano. Ni ili aone kwamba utoto wake ni kumbukumbu nzuri ya China ambayo mwanae hakuikuta.

Nikiwa hapohapo, niulize jambo moja: alama zake zikoje? Nauliza kwa sababu watafiti Schwartz, Chang na Farver, waliochunguza watoto wa mji wa Tianjin na kuchapisha mwaka 2001, walikuta kwamba watoto waliokuwa dhaifu kimasomo walionewa zaidi. Katika shule ambako matokeo ndiyo heshima ya mtoto mbele ya mwalimu na wenzake, mwenye alama nzuri ana kinga fulani. Mambo hayo yanavutana pande zote mbili. Mtoto anayesuswa hapati wa kumuuliza swali la hesabu, anaogopa kunyoosha mkono, alama zinashuka, na kushuka kunawapa wenzake neno jingine la kumsema. Ukiona alama zimeporomoka mwaka huu, usiziongezee masomo ya jioni kwanza. Inawezekana shida haimo kwenye kitabu.

Sasa habari za mtandaoni. Bila shaka umesoma juu ya mvulana wa Handan, mkoa wa Hebei, aliyeuawa na wanafunzi wenzake watatu Machi 2024. Wote watatu walikuwa hawajafika miaka 14. Desemba mwaka huohuo mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha na mwingine miaka 12. Hukumu hiyo iliwezekana kwa sababu marekebisho ya sheria ya jinai yaliyoanza Machi 2021 yalishusha umri wa kuwajibika hadi miaka 12 kwa makosa mazito kupita kiasi. Mwaka 2025 watu wa Jiangyou, mkoani Sichuan, walikusanyika barabarani baada ya video ya msichana akipigwa na wenzake kuenea. Haya ni ya kweli na yanaumiza. Lakini yanakuambia zaidi jinsi jamii ya China ilivyoacha kuuvumilia uonevu kuliko jinsi uonevu ulivyo katika darasa la kawaida. Habari zimeongezeka kwa sababu watu wameanza kusema.

Kama kweli uonevu wenyewe umeongezeka au umepungua nchini kwa miaka hii, tahadhari inahitajika. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, wanafunzi wa miaka 15 wa Beijing, Shanghai, Jiangsu na Zhejiang waliosema wanaonewa walau mara chache kwa mwezi walikuwa 18%, wakati wastani wa nchi za OECD, umoja ambao wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, ulikuwa 23%. Mwaka 2015 kiwango cha China kilikuwa juu kuliko hicho. Ukitazama haraka, utasema kimeshuka. Ila mwaka 2015 mkoa wa nne ulikuwa Guangdong, na mwaka 2018 uliwekwa Zhejiang badala yake. Ukibadilisha mikoa hujapima kitu kilekile mara mbili. Ninachoweza kukuambia bila wasiwasi ni kwamba mkoa wako umo katika kundi lililofanya vizuri kuliko wastani wa nchi tajiri, na kwamba hata hapo karibu kijana mmoja kati ya watano alikuwa bado anaonewa akiwa na miaka 15. Kwa hao, sekondari ya chini ilifika na mambo hayakuisha.

Vijijini hali ni ngumu zaidi, na sitakaa sana hapo kwa kuwa si kwako. Shule ndogo za vijiji ziliunganishwa kwa wingi kati ya mwaka 2001 na 2012, watoto wakaingia bweni wakiwa wadogo sana, huku wazazi wao wako mijini kutafuta maisha. Ikitokea mtu wa familia akashauri mtoto apelekwe kwa ndugu kijijini "abadilishe mazingira", kataa.

Sekondari ya chini yenyewe ina sura mbili. Kwa upande mmoja ni nafasi. Madarasa yanapangwa upya, walimu wapya, na nusu au zaidi ya wenzake hawatalijua lile jina. Kwa upande mwingine kuna simu. Shule za China zilikatazwa kuruhusu simu darasani tangu mwanzoni mwa mwaka 2021, ila jioni nyumbani vijana wako kwenye makundi ya QQ na WeChat, programu za kutumiana ujumbe, na picha ya kejeli iliyotumwa saa mbili usiku inamkuta asubuhi kila mtu ameiona. Zaidi ya hayo kuna mtihani wa kuingia sekondari ya juu ambao unawabana wote. Mtoto anayeingia darasa la saba akiwa na rafiki na akiwa anajiamini ataitumia nafasi ile. Anayeingia akiwa ameshazoea kukaa pembeni, kibandiko anakwenda nacho mwenyewe ndani ya chumba kipya.

Sababu nyingine ya kutosubiri ni ya kitaalamu kabisa. Hatua za shule dhidi ya uonevu hufanya kazi vizuri kwa watoto wadogo kuliko wakubwa. Programu ya KiVa ya Finland, ambayo ni miongoni mwa zilizopimwa vizuri zaidi duniani, ilileta matokeo mazuri zaidi madarasa ya msingi kuliko sekondari ya chini. David Yeager na wenzake, walipokusanya majaribio mengi pamoja mwaka 2015, waliona kwamba faida hudumu hadi darasa la saba na baada ya hapo hupotea. Kijana wa miaka 14 akiambiwa na mtu mzima amtendee mwenzake vizuri, anasikia anadharauliwa. Mtoto wa miaka 10 bado anajali mwalimu wake anafikiri nini juu yake. Mwanao na hao wavulana wako katika umri huo sasa hivi. Miaka minne ijayo hutaweza kuununua tena kwa bei yoyote.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wa darasa, wewe na mumeo pamoja. Usianzie kwenye kundi la wazazi la WeChat, hata kama umechoka. Mwalimu akiaibishwa mbele ya wazazi 45 atajitetea, na wazazi wa wale wavulana watajipanga upande mmoja. Mwombe muda wa faragha. Kabla ya kwenda, mkae na mtoto kwa utulivu, mwandike tarehe, mahali, nani alisema nini, nani alikuwepo. Msimhoji kama polisi. Muulizeni juu ya siku yake kwa sehemu: mlango wa shule, mapumziko, chakula cha mchana, choo, njia ya kurudi. Watoto husema zaidi ukiwauliza juu ya mahali kuliko ukiwauliza juu ya watu.

Mbele ya mwalimu, msianze na kuomba adhabu. Ombeni dawati kwanza. Akae karibu na mtoto mwema, ikiwezekana mwenye kuheshimiwa na wenzake, na wapewe kazi ya pamoja yenye maana: kutunza maktaba ya darasa, kuandaa ubao wa maonyesho, chochote kinachowapa sababu ya kuongea kila siku. Naona watu wakidharau hatua hii kwa sababu ni ndogo. Kumbuka yule rafiki mmoja. Ombeni pia vikundi na timu zipangwe na mwalimu, watoto wasichaguane wenyewe hadi mmoja abaki amesimama. Na lile jina lizuiwe leo, kwa kila mtoto, bila mjadala kama ni utani.

Hapo mna sheria nyuma yenu, na mwalimu anaijua. Sheria ya kulinda watoto iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2021 inaitaka shule iuzuie uonevu papo hapo, iwaite wazazi wa pande zote mbili washiriki kulitambua na kulishughulikia jambo, na impe mtoto msaada wa kisaikolojia. Kanuni za Wizara ya Elimu zilizofuata Septemba mwaka huohuo zinayataja wazi majina ya kudhalilisha, kejeli na kumtenga mtu kwa makusudi kuwa ni uonevu, sambamba na kupiga. Kila shule inatakiwa iwe na kamati ya kushughulikia uonevu, na wazazi wamo ndani yake. Yaani kususwa kwa mwanao si jambo la kuachiwa hisia za mama mgeni. Limeandikwa.

Kwa mtoto mwenyewe, msimwambie apigane. Baba wengi hushauri hivyo na wakati mwingine mtoto anashinda siku moja. Kinachofuata ni kwamba mwalimu sasa ana watoto wawili waliopigana, na mwonevu na mwonewa wanaandikwa pamoja kwenye taarifa moja. Wanaoonewa na kuonea kwa wakati mmoja ndio kundi linaloishia vibaya zaidi katika karibu kila utafiti. Mfundisheni sentensi mbili fupi za kujibu kwa sauti ya kawaida na kuondoka, mzifanyie mazoezi nyumbani hadi zitoke bila kutetemeka. Na mtafutieni chumba cha pili, kile ambacho shule haina. Mpira wa kikapu, kuogelea, ngoma, sataranji, chochote anachokipenda, ila kiwe na watoto wa shule nyingine. Apate mahali ambapo jina lake ni jina lake. Familia nyingine za Waafrika zipo Yiwu, nyingi tu, na mtoto akiona wengine wenye nywele kama zake wakicheka na kucheza, jambo fulani linatulia ndani yake ambalo wewe huwezi kulituliza kwa maneno.

Kuhusu ngozi na nywele, nakuomba uzungumze naye waziwazi. Usimwambie kwamba hawamaanishi. Anajua wanamaanisha. Mwambie kwamba kosa ni lao, kwamba anafanana na watu wa mama yake, na mwonyeshe picha za babu na bibi wa Tanzania kwa majina yao. Mkweo pia anaweza kusaidia hapa kuliko anavyodhani. Bibi anayemchukua mjukuu wake getini kila siku akiwa ameshika mkono wake na kumsifu mbele ya watoto wengine anasema jambo ambalo darasa zima linalisikia.

Mpeni mwalimu wiki tatu au nne, kisha mrudi kuulizia kwa upole, na mwulize mtoto kwa mahali, kama nilivyosema. Kipimo chenu kisiwe "wameacha kumsukuma?" Kiwe "leo ulicheza na nani?" Kama jibu ni jina la mtu, mnakwenda vizuri. Kama hakuna jina, au mwalimu anarudia neno la utani, pelekeni barua kwa mkuu wa shule mkiomba kamati ikae. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2017 unaitaka kamati ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 10 tangu ianze kazi, na usiporidhika, rufaa inakwenda ngazi ya wilaya. Mumeo aandike barua hiyo kwa Kichina safi na mbaki na nakala. Mkihitaji mtu wa kuongea naye wakati huo, namba 12355 ni ya msaada kwa vijana na inafanya kazi nchi nzima.

Ukiona amekataa kula, analala vibaya kwa wiki kadhaa, au anasema afadhali asingekuwepo, hatua zote hizi zisubiri. Mpelekeni kwanza kwenye kitengo cha saikolojia ya watoto cha hospitali, wiki hiyohiyo.